Sotoka: namna ugonjwa wa ng'ombe ulivyofungiwa njia, na sababu wenye mbuzi wa Likasi waujue

Tarehe 28 mwezi wa sita mwaka 2011, katika mji wa Roma, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, lilitangaza kwamba sotoka imekwisha duniani. Haikuwa imepungua tu au kutulia kwa muda. Imekwisha. Kabla ya siku hiyo, ni ugonjwa mmoja tu wa virusi ambao watu walikuwa wamefaulu kuufuta kabisa, nao ni ndui, uliotangazwa kumalizika mwaka 1980. Sotoka ikawa wa pili, na wa kwanza kwa upande wa wanyama.

Katika mji wa migodi kama Likasi, habari ya namna hiyo haina uzito wa bei ya shaba au ya unga wa mahindi. Ng'ombe si wengi hapa, mbung'o walizuia hilo tangu zamani. Wazee wengi wa Kikula na Panda wamekula nyama ya ng'ombe maisha yao yote bila kufuga hata mmoja. Hata hivyo reli inayopita katikati ya mji huu ina deni kwa ugonjwa huo. Na leo, familia zinazoshuka kutoka Mitwaba, Pweto au Kasai zikiwa na mbuzi wawili watatu kwenye kamba, zinatembea na wanyama wanaoweza kushikwa na ndugu wa sotoka. Ndugu huyo bado yuko hai.

Wabeleji waliiita peste bovine. Ni ugonjwa wa virusi, wa jamaa moja na surua inayowashika watoto. Wataalamu wanaamini kwamba surua yenyewe ilizaliwa kutoka kwa virusi vya ng'ombe, zamani sana, watu walipoanza kulala karibu na mifugo yao. Ng'ombe aliyeshikwa anapata homa kali, macho yanatoa machozi na baadaye usaha, pua inatoka kamasi, mdomo unajaa vidonda hata hawezi kula, kisha tumbo linaharisha maji yenye damu. Wengi hufa kati ya siku 6 na 12 baada ya kuanza kuugua. Mahali ambapo ugonjwa haujawahi kufika, kundi la ng'ombe 100 linaweza kubaki na 10 au 20. Nyati, pofu, tandala, twiga na ngiri wanaugua vilevile.

Lakini sotoka ilikuwa na udhaifu, na udhaifu huo ndio historia yake yote. Virusi vyake haviishi muda mrefu nje ya mwili wa mnyama. Jua na ukavu vinaviua upesi. Haviletwi na mbu wala kupe. Vinahitaji mnyama mgonjwa asimame karibu na mnyama mzima, wapumuliane, wanywe maji pamoja, wakanyage mavi yaleyale. Tena ng'ombe aliyepona hapati tena ugonjwa huo maisha yake yote, wala hafichi virusi mwilini ili kuvigawa baadaye. Kwa hiyo sotoka ilisafiri kwa miguu ya ng'ombe, na ng'ombe walisafiri kwa amri ya watu. Anayeweza kuzuia mwendo wa ng'ombe anaweza kuzuia sotoka. Kwa maneno ni rahisi.

Afrika ya mashariki ilipata sotoka kubwa kwa mlango wa bandari. Mwaka 1887 jeshi la Waitalia lilishusha ng'ombe wagonjwa Massawa, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Ethiopia ikaanguka ndani ya njaa iliyoendelea mpaka 1892, kwa kuwa hakukuwa tena na ng'ombe wa kulima. Kufika 1890 na 1891 ugonjwa ulikuwa umepita nchi ya Wamasai, ukaingia Uganda, Rwanda na nchi zilizo kando ya Ziwa Tanganyika. Wamasai waliita miaka hiyo Emutai, maana yake kumalizika. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita kwao wakati huo, aliandika juu ya watu waliobaki mifupa na ngozi wakiomba chakula kwenye kambi za misafara.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Katanga ilikuwa inabadilisha mabwana. Msiri, mfalme wa Wayeke, aliyetoka Unyamwezi na kujenga Bunkeya, aliuawa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1891 na watu wa msafara wa Stairs uliotumwa na Leopold wa Pili. Njaa ya Bunkeya ya wakati ule ilitokana zaidi na vita na watu kukimbia mashamba. Ila jambo moja liko wazi: wakoloni walikuta Afrika ya mashariki imelemewa tayari. Watu waliopoteza ng'ombe walipoteza mahari, maziwa, mbolea na nguvu ya kupigana. Ukoloni ungekuja hata bila sotoka, lakini sotoka iliupunguzia kazi.

Mto Zambezi uliusimamisha ugonjwa kwa miaka michache. Mwaka 1896 ulivuka. Mwanzoni mwa mwaka huo ulikuwa Bulawayo, na kutoka hapo ulishuka kusini kwa kasi ya magari ya kukokotwa na maksai, maana maksai ndio waliokuwa malori ya wakati ule. Barabara ya kwenda Bulawayo ilijaa magari yaliyoachwa, maksai wamekufa bado wakiwa kwenye nira. Bei ya chakula ikapanda, mizigo ikakwama, na kampuni ya Cecil Rhodes ikalazimika kusukuma reli kwa haraka. Treni ya kwanza iliingia Bulawayo mwaka 1897. Reli hiyohiyo iliendelea kaskazini: Victoria Falls 1904, Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, 1906, Elisabethville 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove, ikipitia mahali ambapo mji wa Likasi ulikuja kusimama. Bila shaba reli isingekuja huku, hilo halina ubishi. Lakini aliyeipa haraka katika hatua yake ya kwanza ni ng'ombe aliyekufa.

Namna serikali za kusini zilivyojaribu kuuzuia ugonjwa inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu makosa yake yanarudi kila mara. Askari walitumwa kupiga risasi makundi mazima, wagonjwa na wazima pamoja. Kwa hesabu ya mganga wa mifugo, amri hiyo ilikuwa na maana: ng'ombe mzima wa leo ni mgonjwa wa keshokutwa. Lakini Wandebele, ambao walikuwa wamekwisha kunyang'anywa ng'ombe wengi baada ya vita ya 1893, waliona wazungu wanamaliza wale waliobaki. Hakuna aliyewaeleza kwa namna ya kuaminika. Mwezi wa tatu mwaka 1896 waliinuka kwa vita, na mauaji ya ng'ombe yalikuwa moja ya sababu. Kote kusini watu waliwaficha wanyama wao vichakani, wakawasafirisha usiku, na ugonjwa ukasafiri nao. Serikali ya Cape ilijenga senyenge ndefu yenye walinzi. Ugonjwa ulipita hata hapo mwaka 1897.

Ndipo wanasayansi walipoingia. Robert Koch wa Ujerumani aliitwa Kimberley mwishoni mwa 1896. Aliona kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikidungwa kwa ng'ombe mzima, inamkinga. Ilikuwa dawa chafu na ya hatari, lakini iliokoa makundi. Arnold Theiler, mganga wa mifugo kutoka Uswisi, na wenzake walitengeneza seramu kutoka kwa damu ya ng'ombe waliopona, na hiyo ikafanya kazi vizuri zaidi.

Theiler huyo ndiye aliyehangaika pia na ugonjwa wa farasi. Farasi, nyumbu wa kufugwa na punda hawashikwi na sotoka, kwa hiyo maksai walipokwisha watu walidhani farasi watachukua kazi. Wakagundua kwamba farasi wana kirusi chao wenyewe, tauni ya farasi wa Afrika, kinachobebwa na visubi wadogo wa usiku na kuua farasi kwa siku chache huku povu likitoka puani. Katika vita ya Waingereza na Makaburu, 1899 mpaka 1902, zaidi ya farasi 300,000 wa jeshi la Waingereza walikufa, kwa uchovu, njaa na magonjwa. Tauni hiyo haizuiwi kwa kufunga barabara peke yake, kwa sababu kisubi hapiti kwenye kizuizi cha polisi. Wenye farasi wa kuzalisha walijifunza kuwafungia ndani kabla ya jua kuchwa na kuwadunga sindano kila mwaka. Ni tofauti inayofaa kukumbukwa: kabla ya kuamua namna ya kuzuia, lazima kujua ugonjwa unatembea kwa miguu ya nani. Mwaka 1908 Theiler alifungua maabara ya Onderstepoort karibu na Pretoria, ambayo mpaka leo ni moja ya nyumba kubwa za utafiti wa magonjwa ya mifugo Afrika.

Baadaye sotoka iliwagonga Wabeleji nyumbani kwao. Mwaka 1920 meli iliyobeba ng'ombe wa aina ya zebu kutoka India, wakienda Brazili, ilipita kwenye bandari ya Antwerp. Wanyama walishushwa wapumzike. Baada ya muda mfupi sotoka ilikuwa ndani ya mashamba ya Ubelgiji, nchi iliyodhani ugonjwa huo ni habari ya makoloni na ya vitabu vya zamani. Nchi za Ulaya zilishtuka. Mkutano uliitishwa Paris mwaka 1921, na tarehe 25 mwezi wa kwanza mwaka 1924 nchi 28 zilitia sahihi mkataba wa kuunda ofisi ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo kwa kuitazama: kila nchi iahidi kuwaambia wengine inapopata ugonjwa, badala ya kuficha ili isipoteze soko. Ofisi hiyo ingali Paris, na inajulikana sasa kama shirika la afya ya wanyama duniani. Umoja wa Mataifa wenyewe ulizaliwa miaka 21 baadaye.

Huku kwetu, kazi ilifanyika kwenye mlango mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Mtu akitazama ramani ataelewa. Upande mmoja kuna maji, upande wa pili kuna maji, na katikati kuna nchi kavu ambayo ng'ombe kutoka Tanganyika lazima wapite ili kufika Rhodesia ya Kaskazini, na kutoka hapo Katanga na kusini yote. Tangu wakati wa vita ya kwanza ya dunia, kila sotoka ilipoanza kushuka, waganga wa mifugo walikimbilia hapo kudunga ng'ombe na kufunga njia, wakati mwingine kwa fedha za nchi za kusini zilizoogopa kurudia 1896. Mlango ulishika. Zambia haikupata tena sotoka baada ya ile ya kwanza.

Migodi ya Katanga ilifaidika na mlango huo bila kuutaja. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilipaswa kuwalisha maelfu ya wafanyakazi, na nyama ilitoka kusini kwa treni au kwa miguu. Ng'ombe wa Barotse walikuwa sehemu ya biashara hiyo mpaka 1915, ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe ulipoingia Barotseland na soko likafungwa. Ugonjwa huo si wa virusi, lakini ulionyesha jinsi sufuria ya mfanyakazi wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa baadaye, ilivyotegemea afya ya zizi lililo mbali na mgodi.

Chanjo iliyomaliza mambo ilitengenezwa Kenya. Kule Kabete, waganga walipitisha virusi kwenye mbuzi mara nyingi mpaka vikapungua ukali. Chanjo hiyo ilisaidia, ila iliwaumiza ng'ombe dhaifu. Kisha Walter Plowright na wenzake, kwenye maabara ya Muguga karibu na Nairobi, walikuza virusi hivyo kwenye seli za figo za ndama, wakivihamisha kutoka chombo hadi chombo karibu mara 90. Kufika miaka ya 1960 walikuwa na chanjo isiyoleta ugonjwa, yenye bei ndogo, inayokinga kwa maisha yote kwa sindano moja. Plowright alipewa tuzo ya chakula duniani mwaka 1999. Alikufa mwezi wa pili mwaka 2010, mwaka mmoja tu kabla ya tangazo la Roma.

Ilionekana kazi imekwisha mapema. Kuanzia 1962 mpaka 1976, nchi 22 za Afrika zilidunga ng'ombe kwa mamilioni katika mpango mmoja wa pamoja. Ugonjwa ukapotea karibu kila mahali. Kisha serikali zikapunguza fedha, magari ya waganga yakaharibika, friji zikazimwa. Vilibaki vituo viwili vitatu vya maambukizo, mahali pa mbali na penye vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ilirudi kutoka huko, ikaua ng'ombe wengi kuanzia Afrika ya magharibi mpaka Tanzania. Asilimia 95 ya kazi ilikuwa imefanyika, na asilimia 5 iliyobaki ilikula faida yote.

Sehemu ya mwisho ya historia hii ndiyo inayowagusa zaidi watu waliohama makwao. Ngome za mwisho za sotoka zilikuwa Sudan ya Kusini, Karamoja, nchi ya Waafar na mpaka wa Kenya na Somalia. Yaani mahali ambapo hakuna barabara, hakuna umeme wa friji, na mganga wa serikali hawezi kufika kwa sababu ya bunduki. Mambo mawili yalifungua njia. Kwanza, kikundi cha mtafiti Mmarekani Jeffrey Mariner kilikausha chanjo ya Plowright kwa namna mpya, hata ikaweza kukaa mwezi mzima porini bila barafu. Pili, wafugaji wenyewe walichaguliwa na vijiji vyao, wakafundishwa kwa majuma machache, wakabeba chanjo mgongoni. Katika Sudan ya Kusini, katikati ya vita, ng'ombe zaidi ya milioni 1 walidungwa mwaka 1993 kwa njia hiyo. Watu waliokuwa wanakimbia na mifugo yao hawakuhesabiwa tena kuwa tatizo la kusukumwa nyuma ya kizuizi. Wakawa ndio waganga. Wengi hawakujua kusoma, lakini walijua kutofautisha sotoka na ugonjwa mwingine kuliko daktari aliyesoma ng'ombe kwenye kitabu.

Mwaka 1997 sotoka ilitokea tena kaskazini mwa Tanzania, na nchi zote za kusini zikashika pumzi. Ilizimwa kwa chanjo. Wanyama wa mwisho kuonekana wakiugua duniani walikuwa nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Baada ya hapo ilibidi kungoja miaka 10, watu wakitafuta, wakipima damu, wakiuliza wachungaji, mpaka mashirika yakakubali kusema neno.

Ndugu yake ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Côte d'Ivoire mwaka 1942. Dalili zinafanana: homa, macho na pua kutoka uchafu, vidonda mdomoni, kuharisha, kukohoa. Haimshiki mtu. Tanzania iliithibitisha mwaka 2008 upande wa Ngorongoro, na kufika 2010 ilikuwa imeshuka hadi kusini. Katika Kongo yetu, mwaka 2012 ilienea kwa nguvu katika majimbo ya magharibi na kuua makumi ya maelfu ya mbuzi, na FAO ikaonya kwamba inaweza kuvuka kwenda nchi za kusini. Mwaka 2015, kwenye mkutano wa Abidjan, nchi zilijiwekea lengo la kuimaliza ifikapo 2030. Chanjo ipo, ni nzuri, sindano moja inakinga miaka 3 au zaidi. Shida ni ileile ya zamani, kuifikisha.

Kwa familia iliyokimbia, mbuzi ni benki. Anauzwa mtoto akilazwa, anauzwa shule ikifungua, na akiuzwa njiani kwa haraka anauzwa kwa bei ya kuku. Ndiyo sababu mwenye mbuzi anayekohoa humpeleka sokoni asubuhi na mapema kabla hajafa. Kila mtu angefanya hivyo, na kwa njia hiyo ugonjwa unaruka kutoka kijiji kimoja mpaka soko la mji, na kutoka soko mpaka mazizi ya kartie nzima. Kuzuia barabara kwa askari wanaodai franga hakujawahi kusimamisha virusi. Kunawafundisha watu kupita porini usiku, kama Wandebele mwaka 1896.

Waganga wa mifugo wanashauri kwamba mbuzi mgeni akae peke yake siku 21 kabla ya kuchanganywa na wa nyumbani, na asinywe kwenye beseni moja nao. Aliyekufa azikwe kwa kina, asigawanywe kwa majirani. Na vifo vya mbuzi wengi kwa mara moja viripotiwe kwa inspekta wa kilimo na mifugo, maana Lubumbashi kuna maabara ya mifugo na kitivo cha uganga wa wanyama cha Chuo Kikuu, na sampuli ya damu inaweza kusema kama ni sotoka ya mbuzi au ni kitu kingine.

Jamaa wa tatu, surua, anajulikana zaidi. Mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 hapa Kongo, walio wengi watoto. Chanjo yake ni ya zamani karibu sawa na ile ya Muguga.

Virusi vya sotoka vyenyewe havipo tena porini, ila maabara chache duniani bado zinavihifadhi chini ya kufuli. Mwezi wa sita mwaka 2019, taasisi ya Pirbright ya Uingereza iliharibu akiba yake, zaidi ya chupa ndogo 3,000, baada ya kuandika kwanza ramani ya chembe za urithi za kila aina iliyokuwa nayo. Nchi nyingine zilizobaki na chupa zao zinaombwa kufanya vilevile.